Shati la mkwe

Jumamosi nilikuwa uwanja wa ndege wa Kisongo nikimsubiri mgeni wangu. Akachelewa, nami nikafaidi mgeni wa jirani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja, rozari shingoni, amepakata shati la kitenge lililopigwa pasi.

"Nampokea binti wa kaka yangu," akaniambia bila kuulizwa. "Nimemlea mimi, kwaya ya kanisani akiimbisha yeye. Leo ni bosi wa kampuni ya kahawa huko Ulaya! Kasema anakuja na mwenzake, nikamshonea mkwe shati."

Binti akatokea, suti imemkaa, kamshika mkono mwanamke mwenzake. Akainamisha kichwa kusalimia, shangazi akakigusa.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyu, shangazi."

Mama akalitazama shati, akamtazama mgeni aliyeshikwa mkono. Mimi nikajifanya nasoma gazeti.

"Sasa nani kaoa, nani kaolewa?"

"Tumeoana."

Mgeni naye akainamisha kichwa, akatoa shikamoo iliyofundishwa ndani ya ndege. Kisha mkono wa mama ukatua taratibu juu ya kichwa kile.

"Marahaba, mwanangu." Akalipima shati mgongoni kwa mgeni. "Mabega sawa. Mikono tutapunguza."

Wakaangua kicheko, nami gazeti likanianguka.

Naishi kwa kuandika Kiswahili, lakini sikuwahi kugundua kwamba neno mkwe halimuulizi mtu kama ni mume au mke. Anayehitaji kujua ni fundi cherehani tu, naye ni kwa ajili ya vipimo.