Ukuta wa Kushoto

Tangazo. Tangazo. Hii ni ofisi ya mji wa Kamitsuwa. Wakazi wote mnaarifiwa, kwa heshima na taadhima, kupitia vipaza sauti kumi na tisa, viwili kati yake vibovu, kwamba Jumapili saa nne asubuhi Bi Kinue Sawaguchi, mkunja mashuka, atakabidhiwa rasmi msichana wa miaka kumi na miwili ambaye ni yeye mwenyewe.

Maneno ya ofisi yalikuwa marefu kuliko hayo, lakini maana ndiyo hiyo. Shule ya msingi ilikuwa inafungwa, wanafunzi wamebaki wanne, na chini ya mti wa mcheri wa uwanjani lilikuwa limefukiwa debe la barua ambazo darasa letu la sita lilijiandikia miaka hamsini iliyopita. Kila mwenye barua angechukua yake, kisha angemjibu mtoto aliyekuwa yeye, kwa sauti, kwenye vipaza sauti vya mji. Mmoja kila jioni saa kumi na moja, kabla ya ule muziki wa kuwahimiza watoto warudi nyumbani. Watoto wenyewe karibu hatuna, ila muziki upo.

Tulifika saba. Debe lilitoka limejaa maji nusu, barua zimeponea kwenye mfuko wa plastiki, na Shibuta wa ofisini, aliyevaa tai kwa ajili ya debe, akagawa barua kama vyeti. Alipofika kwa Kinue aliigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Shangazi, kumbe ulisoma Kirusi?"

Kinue alimpokonya. Sisi wa darasa lake tulielewa. Enzi hizo mkono wa kushoto ulihesabiwa kama ugonjwa, na mwalimu wa kuandika kwa brashi aliufunga wa Kinue kwenye mkanda kwa leso. Hakuwa mkatili, fundo lake lilikuwa zuri kama kipepeo. Darasani Kinue aliandika kwa kulia, herufi zikitetemeka. Alipokuwa peke yake aliandika kwa kushoto, na maandishi yote yalitoka yamegeuka, kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Kinue akaenda kwenye dirisha la darasa, akaibandika karatasi kwenye kioo chake, maandishi yakitazama nje, akaisoma mwanga ukipenya. Alikaa pale muda mrefu kuliko barua yenyewe. Moriwaki, mwenye duka la pombe, akamwuliza kama ameandikiwa na mchumba. Kinue akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Maisha yake ni rahisi kuyasimulia, ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuyasimulia. Shuka hukunjwa na watu wawili, lakini kila aliyepewa kukunja naye kwenye hoteli ya chemchemi ya maji ya moto alilalamika kwamba Kinue anaanza upande usiofaa. Miaka thelathini na minne sasa anabana pembe mbili ukutani kwa vibanio na kukunja na ukuta. Mchana hula tambi kwenye mkahawa wa Hirabe, kwenye kiti cha mwisho kushoto, kando ya ukuta, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Hakuna anayemfukuza. Ni kwamba mtu akizoea kukaa mwisho, watu nao huzoea kuanzia katikati.

Ofisi, kwa kutujali, ilitupa fomu yenye mistari mitatu na mfano wa jibu: "Ulijitahidi sana. Ahsante kwa kuwa wewe." Jumatatu mama wa saluni aliusoma mfano huo neno kwa neno. Jumanne vilevile. Jumatano Moriwaki akausoma wote, hadi maelekezo ya kwenye mabano: "Ahsante kwa kuwa wewe, weka jina lako hapa." Kufikia Jumamosi mji mzima ulikuwa umeshukuriwa mara sita, na hakuna aliyejisikia tofauti.

Siku hiyo Kinue alimwomba Shibuta amtoe kwenye orodha. Shibuta akamwambia ratiba imeshapigwa muhuri, na kwani kuna ugumu gani, si ni kumtia mtoto moyo tu? Hapo ndipo alipomsomea barua yake, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia, na Shibuta ndiye aliyetuambia baadaye.

"Kwako Mkubwa. Najua umeshapona mkono. Unakula katikati ya meza. Kama umepona, usimwambie mtu kwamba mimi nilikuwa wewe. Kama hujapona, nisamehe. Nani anakaa kushoto kwako?"

Shibuta akalegeza tai. Akamwambia, "Shangazi, mdanganye tu kidogo. Ni mtoto."

"Ndiyo maana siwezi," Kinue akasema.

Jumapili jioni aliingia kwenye chumba cha matangazo, ubavu wa kiganja chake cha kushoto ukiwa mweusi kwa wino. Kwenye fomu yake mfano ulikuwa umekatwa kwa mstari. Kwa Hirabe tulizima televisheni. Sufuria ya tambi, iliyo nyuma ya ule ukuta wa mwisho, ilikuwa inachemka, na kiti chake kilikuwa kitupu. Kipaza sauti kikakohoa.

"Kinue, ni mimi Kinue. Mkono haukupona, kwa sababu haukuwa unaumwa. Huna la kusamehewa, na nimewaambia watu kwamba wewe ni mimi. Kushoto kwangu kuna ukuta. Wakati wa baridi una joto."