Shangazi na Kichupa cha Uvimbe

Pua yangu ilikuwa imekufa, na kwa miaka kadhaa nilikataa kukiri. Maharage yakiungua jikoni nilisema ndivyo ninavyoyapenda. Mume wangu akiuliza kama kweli sisikii harufu ya wale dagaa, nilimjibu kwamba mtu anayeishi Tunduma, mpakani na Zambia, kando ya foleni ya malori, pua yake hujifunza kunyamaza. Nina shahada mbili. Hoja za namna hiyo hazinipi tabu.

Kilichonipeleka hospitali ni mizaha. Nilianza kuchekea misibani. Kwenye kikao cha harusi nikamwambia mwenyekiti kwamba tai yake inafanana na ulimi wa ng'ombe. Mume wangu akasema hili sasa si moshi wa malori. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kama limau, nyuma ya paji la uso, umeilalia mishipa ya fahamu ya kunusa.

Shangazi yangu, mkulima wa kahawa kule Igamba, alifunga safari hadi Dar, nilikolazwa, kuniuguza. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye subira, alitueleza sote wawili. Uvimbe wa kichwani hupewa jina kufuatana na chembe hai ulikoanzia: kuna unaoota kwenye ubongo wenyewe, kuna wa kwenye mishipa ya fahamu, kuna wa kwenye utando unaoufunika ubongo. Kisha hupewa daraja, la kwanza hadi la nne, kwa jinsi chembe zinavyoonekana kwenye hadubini. Zilizotulia ni la kwanza. Zinazogawanyika ovyo na kuvamia jirani hupanda. Wangu ulielekea kuwa wa kwenye utando, lakini daraja lisingejulikana mpaka utolewe.

"Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye ganda, siyo kwenye punje," alisema shangazi.

"Tunaweza kusema hivyo, mama."

"Punje yake ilikuwa na kasoro tangu shule, ila hiyo haitoki kwenye picha."

Nikapasuliwa. Utaratibu wa pale, ndugu wa mgonjwa ndiye hukabidhiwa kichupa chenye kipande cha uvimbe, akakipeleka maabara ng'ambo ya ua. Shangazi alikwenda, akachelewa sana, akarudi anatabasamu.

"Nimekiangalia pale dirishani, mwanangu. Kimezama."

Kwetu, kahawa mbivu hutiwa kwanza kwenye maji. Nzuri huzama, mbovu huelea, ikaenguliwa na kutupwa.

"Hakikuelea hata kidogo?" niliuliza, mimi mwenye shahada mbili na kichwa kilichofungwa bandeji.

"Nilikitikisa kabisa. Kikazama tena."

Nililala vizuri usiku ule. Kesho yake nikamuuliza daktari, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama vipande vibaya huwa vinaelea. Aliitazama bandeji yangu kwa muda, nadhani akijiuliza amesahau nini humo ndani.

"Vyote huzama," alisema.

"Hata vibaya?"

"Hata vibaya."

Alipotoka, shangazi akanipapasa mkono. "Huyu hajawahi kumenya kahawa."

Tukarudi nyumbani kwangu Tunduma kusubiri majibu. Likiwa daraja la juu, ningerudi Dar kwa mionzi, na kwa mengine ambayo daktari hakuyataja nami sikuyauliza. Lakini Igamba nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba uvimbe umezama. Kina mama wa kanisani wakaja kunipongeza na kuku. Nilijaribu kuwaeleza habari za hadubini. Wakanihurumia, wakasema ni dawa za usingizi. Kuku nilimla, kwa hofu, lakini nilimmaliza.

Daktari alipiga simu asubuhi nikianua nguo. Akasema, "Mama, majibu yako—" na simu ikahamia mtandao wa Zambia, kama kawaida yake, ikakatika. Nikakimbilia nyuma ya choo. Akapiga tena.

"Uko wapi, mama?"

"Nyuma ya choo, dokta. Ndiko Tanzania iliko."

"Sawa. Ni wa kwenye utando, kama tulivyodhani. Daraja la kwanza. Chembe zimetulia, ubongo haukuvamiwa. Mionzi huhitaji. Utakuja kupiga picha tu, tuangalie."

Nikakaa chini pale pale kwenye majani, na taulo begani, nikamwomba arudie kuanzia kwenye daraja.