Mkono wa Majini, Mkono wa Ukutani

Nilianguka na pikipiki kwenye njia ya Kabambare, nikalalia bega la kuume kama gunia la chumvi. Mkono ulifungwa kifuani mwezi mzima. Walipoufungua, bega limeshakuwa kisiki. Kupeleka mkono mgongoni, hapana. Hata kikwembe, nguo yangu ya kiunoni, nilifungwa na binti yangu wa mwisho, mimi niliyemfunga yeye nepi.

Na yeye alikuwa na mimba yake ya kwanza, amekuja Kasongo kuzalia kwangu.

Katika nyumba yetu, siku ya arobaini mtoto anatoka nje mgongoni mwa bibi yake mzaa mama. Bibi anainama, anamlaza mtoto mgongoni, anapitisha mkono nyuma kumshika matako, anafunga mbeleko mwenyewe. Mimi nilitoka hivyo, na watoto wangu wote walitoka hivyo. Bibi asiyeweza anampisha bibi wa upande wa baba. Na huyo, mkwe wangu wa Kabambare, ana mgongo mpana kama mlango wa kanisa, na mdomo mpana kuliko mgongo. Alishatuma salamu kwamba mbeleko yake ameifua.

Kwenye kituo cha afya, yule anayenyoosha watu viungo aliniambia nipande ukuta kwa vidole kila asubuhi, niweke alama ya makaa pale vinapoishia. Akasema maji pia yanasaidia, kwa sababu ndani ya maji mkono haujibebi. Lakini ukuta nisiuache. Mimi nilisikia maji tu.

Maana ukuta ulikuwa unauma. Napanda vidole kama chawa, jasho linatiririka, na kesho yake mstari wa makaa uko pale pale.

Kijitoni mambo yalikuwa mengine. Chini kidogo ya pale tunapoloweka mihogo, maji yanafika shingoni, na mchana jua linayatia uvuguvugu. Naingia na kikwembe changu, kinavimba kunizunguka kama ua. Nafumba macho. Mkono unaelea wenyewe, unaniacha polepole kama mtoto anayejifunza kutembea. Masikio yakizama, nasikia dunia kwa mbali: watu wanatwanga, adhana, pikipiki za sokoni, vyote laini kama vimefungwa pamba. Harufu ya mihogo iliyochacha inashuka na maji. Siku zingine sikujua kama mimi ni bibi au ni yule msichana aliyekuwa anagombezwa atoke, ngozi imeshakunjamana. Nilimwona mjukuu, uso wake siujui, amelala mgongoni mwangu na maji yanatubeba sote wawili.

Nilitaka alama na huko. Maji hayana ukuta, basi nikachomeka mwanzi mrefu kwenye matope. Nikawa naupanda kwa vidole, nafunga kamba ya mgomba pale vilipofika. Kila siku kamba mpya, juu ya ile ya jana. Ukuta sikuugusa tena. Majirani niliwaambia bega limepona, na Kabambare nikatuma salamu: mbeleko yako irudishe sandukuni.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, binti yangu alishuka kijitoni, akakaa kwenye jiwe, miguu majini. Aliutazama ule mwanzi muda mrefu. Siku nilipouchomeka alikuwepo, na ulikuwa unampita kichwa. Akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Mama, mukono haipande. Muti ndiyo inashuka."

Nikautazama. Kamba zangu za kwanza zilikuwa zimeshazama. Kila nilipouegemea niliusukuma matopeni kidogo. Wiki ngapi hizo nilikuwa nauzika mwanzi na kujisifu.

Nilimwambia anyamaze, mimba imemharibu macho. Kisha nikapanda nyumbani natiririka maji, moja kwa moja hadi ukutani. Vidole vilipita mstari wa makaa kwa upana wa vidole viwili tu. Nikakaa chini nikalia. Binti yangu akacheka hadi akashika tumbo, kisha naye akalia.

Lakini niliona kitu. Siku nilizoupanda nikiwa mkavu, ukuta uliniuma kuanzia chini kabisa. Siku ile, mwili ukiwa bado na maji, maumivu yalichelewa kuja. Basi ikawa hivyo: maji kwanza, kisha mbio ukutani kabla sijakauka. Kiganja kiliacha alama ya maji juu ya udongo, inafifia naiona, na binti yangu anawahi na kipande cha makaa. Halafu navuta kikwembe nyuma ya mgongo, mkono mmoja juu, mwingine chini, nikitukana kimoyomoyo.

Mtoto akazaliwa, mwanamume, mzuri, kichwa changu kabisa.

Siku ya arobaini mkwe alifika, vumbi la njia limemfanya mwekundu hadi kope, mbeleko kwapani. Alinisalimia vizuri. Kisha, mbele ya wote:

"Mukwe wangu, kama mukono iko inakatala, usione haya. Mugongo yangu iko tayari."

 Niliinama, nikampitisha mtoto ubavuni kwa mkono wa kushoto, akateleza hadi mgongoni. Mkono wa kuume nikaupeleka nyuma. Ulifika kiunoni ukasimama. Nikafumba macho, nikatafuta maji. Nilivuta pumzi kama naingia hadi shingoni, nikangoja bega lilegee, na watu wote wakangoja, na mtoto akapumua juu ya uti wa mgongo wangu. Kisha vidole vikagusa tako lake la moto.

Fundo nililifunga upande, baya. Mkwe aliliangalia, na la kusema alikuwa nalo. Akasogea tu, akanyoosha mguu mmoja wa mtoto uliokuwa umekunjika. Nikavuka mlango. Nje jua lilikuwa jeupe, na nyuma yangu joto likaanza kushuka polepole, maji ya mjukuu wangu, yananiloanisha hadi kiunoni.