Nyavu Haivaliwi

Nakumbukaga bado siku moja kule Kibara, nilipojifunika nyavu kichwani kama shela, nikicheza bibi harusi na wenzangu. Bibi aliyenilea alitoka jikoni, akaivua taratibu. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Akasema, "Nyavu hainaga macho. Haijui huyu samaki, huyu mtu." Mume wake ziwa lilimrudisha akiwa amezongwa na nyavu yake mwenyewe, kuanzia mguu mpaka shingo. Tangu hapo nikajua: nyavu inabebwa begani, haivaliwi.

Mwanangu, mwaka huu nimeiona imevaliwa tena.

Mjukuu wangu Nyamisi amechumbiwa na Marwa, kijana wa Butiama, mtu wa ng'ombe. Maji ameyazoea kwenye ndoo. Wakataka picha za uchumba ziwani. Mimi nikafuatana nao, maana kwetu mchumba hatembei peke yake. Mpiga picha, kijana wa Bunda mjini, akaazima nyavu ya sangara. Akawasimamisha majini, maji ya magotini, akawazungushia wote wawili, akakaza fundo nyuma.

"Mapenzi ni kunaswa, bibi," akaniambia.

Jua lilikuwa linashuka. Yeye anasema ndiyo mwanga mzuri. Mahali pale alipapenda kwa sababu matete yamelala chini, kama pamefyekwa. Hakujiuliza nani kafyeka.

Nikawaambia, "Tokeni hapo. Ni njia ya kiboko, na jioni ndiyo anapandaga kula majani."

"Picha tatu tu, bibi. Kiboko mwenyewe nitampiga bure."

Wakacheka. Marwa hakucheka sana, lakini aliona haya kuogopa mbele ya mchumba wake. Haya ya namna hiyo imezika vijana wengi.

Mimi nilikuwa natazama nyuma yao. Maji yakavimba. Yakatoka masikio mawili, halafu macho, halafu kichwa chote. Mpiga picha alipokiona akakimbia, hata viatu akaviacha. Nyamisi akageuka, akapiga hatua, na mwenzake akapiga ya kwake upande mwingine. Wakaanguka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na si kwa ajili ya kiboko. Marwa alikuwa juu, anahangaika kuinuka, na kila akivuta, nyavu inakaza shingoni kwa Nyamisi na kumzamisha uso. Yeye hakujua. Alidhani anajiokoa.

Nikaingia majini na kisu cha kuparia samaki, maana nilikuwa nimetoka kununua sato mwaloni, wanakoshushia samaki. Miguu ya uzee haikimbii. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Marwa, tulia. Ukivuta unamnyonga."

Kiboko alikuwa karibu, nasikia anavyopumua. Na yule kijana akatulia. Anamtazama, lakini hakuvuta tena. Nikapapasa shingo ya mjukuu wangu ndani ya maji, nikakata. Akaibuka anakohoa. Nikakata tena, tena, tukatoka kwa kutambaa upande wa mawe. Mnyama akatungoja tupishe, akapanda njia yake.

Tulipofika barabarani Nyamisi akanishika mkono. Halafu akasema, "Bibi, alitulia."

"Nimeona," nikamjibu. Harusi ipo.

Basi mwanangu, sina shule, lakini hili nalijua. Ukienda mahali pa watu, uliza wenyeji njia ni ya nani. Kilichoua wazee wako usikifanye pambo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengine hawapati hata nafasi ya kuvunjika. Na mkishafungwa pamoja, kwa ndoa au kwa shida, usihangaike kujiokoa kabla hujatazama mwenzako yuko wapi. Huenda kamba unayovuta iko shingoni kwake.

Mungu akupe sikio la kusikia mapema, na siku ya hofu akupe moyo wa kutulia. Ziwa likulishe, lisikuhifadhi. Nenda salama.