Pazia Aliloligawa Vipande

Walisema hataweza. Walisema watu wa milima yetu hawatoi picha ukutani wakampa mtu aende nazo Kasulu, hata akiwa ndugu. Akipewa hatazirudisha, na akizirudisha zitakuwa zimeloa au zimebadilishana nyumba, mama wa Kitahana atundikwe kwa watu wa Busunzu. Aliyesema hayo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja wa kamati ya maonyesho ya sanaa, mtu mwema aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Leo ninaandika kuhusu aliyesemwa, kwa sababu wiki iliyopita amefariki dunia hapa Kibondo, baada ya kuugua miguu na baadaye moyo, na tumemzika kwao Kitahana. Alikuwa mchoraji wa mapazia ya studio. Vijana wanaoisoma safu hii kwenye simu huenda hawajui hiyo ni kazi gani. Kabla simu haijawa kamera, mtu aliyetaka picha alivaa nguo zake bora, akaenda studio mjini, akasimama mbele ya pazia kubwa lililochorwa, na mpiga picha akamwambia asicheke. Filamu ilipelekwa mbali kusafishwa. Picha iliporudi, yule aliyeacha jembe shambani asubuhi alikuwa amesimama kando ya ghorofa, kwenye barabara ya lami, na dunia nzima nyuma yake.

Ghorofa hiyo na lami hiyo ilikuwa ya marehemu. Aliichora kwenye kitambaa cha marekani alichokishona mwenyewe, kwa rangi za dukani alizozichanganya kwenye makopo ya maziwa. Palikuwa na ndege pia, na hiyo ndege ndiyo iliyomletea maneno. Ndege zote alizowahi kuziona zilipita juu sana, kwa hiyo aliichora kama alivyoijua, kutoka chini, tumbo wazi na mabawa yametanuka pande zote, halafu akaiweka hapo hapo ardhini, kando ya ghorofa. Ilionekana kama ngozi iliyowambwa juani ikauke. Mbele ya ndege alisimama ng'ombe mwenye pembe ndefu, akitazama watu. Mimi, kama mnavyojua, na asiyejua namwambia, niliondoka Kibondo na begi la kamba, nikabeba zege mjini hadi nikajisomesha, nikarudi na stashahada ya sanaa na mashine ya kwanza ya kuchapa mabango katika mji huu. Sikupewa na mjomba wala na mbunge. Kwa hiyo nilipomtembelea mara ya kwanza nilijiona nina haki ya kusahihisha.

"Mzee," nikamwambia, "ndege ikiwa chini inaonekana ubavu. Mimi nimeipanda."

"Ulipoipanda, ng'ombe alikuwa upande gani?"

"Uwanja wa ndege hauna ng'ombe, mzee."

"Basi uwanja huo hawajaumaliza," akasema, akaendelea kuosha brashi.

Tukawa marafiki kuanzia siku hiyo, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa na hakuacha kuniita "bwana stashahada". Wapo wanaosema mabango yangu ndiyo yaliyoua mapazia yake. Si kweli. Simu ndiyo iliyofunga studio, na studio zilipofungwa alibaki na pazia moja tu, la studio ya Kibondo, alilolipaka upya juu ya lile lile kila rangi ilipochoka. Nilimshawishi alipeleke kwenye maonyesho ya Kasulu, na maneno mazito kuhusu thamani yake niliyaandika mimi, kwa Kiswahili ambacho si kila mtu anakiweza. Kamati ililitazama, ikanong'onezana. Ndani ya ukumbi zilikuwepo picha zenye fremu na vinyago vya simba vilivyochongwa na watu ambao, naapa, hawajaonana na simba. Nje, chini ya turubai, zilikaa kazi za mikono: vikapu, mikeka, sabuni. Pazia halikuwa na fremu, na halikuwa kikapu. Nilipokwenda kuliangalia saa za mchana nililikuta limetundikwa kwenye mlango wa nyuma, kuwazibia wageni wasione sufuria za pilau.

Nilimfuata mwalimu yule nikiwa nimewaka. "Ndugu mwandishi," akaniambia taratibu, "pazia ni pazia. Kazi yake ni kuziba." Nikaanza kumweleza kuhusu mstari, rangi na uwiano, mambo niliyoyafaulu vizuri chuoni, ndipo marehemu akanivuta shati. "Mwache mwalimu. Hebu tazama foleni ya chakula." Watu waliosubiri pilau walikuwa wakibishana kuhusu ng'ombe. Mmoja alisema pembe zile ni za ng'ombe wa kwao Busunzu, mwingine akasema ng'ombe wa hivyo Busunzu waliisha zamani, wa tatu akawaambia wote wawili hawajui ng'ombe, wanajua nyama. "Humo ukumbini," marehemu akasema, "wanapita kimya kama wanatazama mgonjwa. Hapa wananitukana vizuri."

Nimelifikiria sana jambo hilo, na katika mji wetu sijui nani mwingine angelifikiria kwa haki, kwa kuwa nimekaa pande zote mbili. Sisi tuliosoma tunapima kazi kwa mlango iliyoingilia. Ikiingia kwa mlango wa mbele, ina kioo na karatasi yenye jina la mchoraji, tunashusha sauti na kukunja mikono nyuma. Ikiingia kwa mlango wa jikoni, tunaiita pambo. Hata kicheko tunakiogopa, kana kwamba kitu kikimchekesha mtu hakiwezi tena kuwa cha maana. Lakini sitawasifu tu watu wa foleni kwa sababu ni watu wa kwetu. Nao wana ukali wao na upofu wao. Wangeweza kubishana kuhusu pembe mpaka jioni bila kuliona lile anga, ambalo marehemu alilipaka kwa siku nyingi hadi likapata ile rangi ya mbingu yetu baada ya mvua, siyo buluu wala kijivu. Anga lile nililiona mimi, nikamwambia, akanishika mkono.

Njiani kurudi Kibondo ndipo aliponipa wazo lake. Alisema kosa lilikuwa kupeleka pazia peke yake. "Pazia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye kuta za watu." Alitaka maonyesho yajayo azikusanye picha zilizopigwa mbele ya mapazia yake, nyumba kwa nyumba, azitundike pamoja. Hapo ndipo maneno yale ya hataweza yalipoanza, na yalikuwa na msingi. Kwetu picha ya ukutani mara nyingi ndiyo sura pekee ya mzazi aliyefariki iliyobaki. Tena msumari mtupu unasemwa. Mgeni akiingia akaona pale palipokuwa na picha ya baba hapana kitu, atauliza mmegombana nini na mzee hata mkamshusha. Marehemu aliyajua hayo kuliko mwalimu. Akachukua mkasi akalikata pazia lake la mwisho, ili kila atakayemwazima picha apate kipande cha kutundika kwenye msumari ule mpaka picha irudi. Nilimsihi asikate. Nilimwambia kwa wataalamu kazi ikikatwa imekufa. "Wataalamu walilitundika kwenye pilau," akajibu. "Nikizirudisha picha nitakusanya vipande, nitalishona."

Nilimbeba kwa pikipiki yangu, kata kwa kata. Busunzu tulimkuta bibi mmoja amekaa anapepeta maharage. Juu ya kitanda chake palikuwa na picha yake ya usichana, na nyuma yake ndege ile ya tumbo. Miaka yote hiyo yeye aliamini ni msalaba, na usiku alikuwa akisali mbele yake. Sikuthubutu kumweleza.

"Mwakeye, bibi," marehemu akamwamkia kwa Kiha, akamweleza shida yake.

Bibi akaangalia vipande. "Nipe chenye ng'ombe."

"Ng'ombe ameisha, bibi. Miguu imebaki Kitahana, pembe zimechukuliwa na watu wa Kasulu."

"Basi nipe kiwele."

"Hakuna kiwele. Yule ni dume."

Bibi akaacha kupepeta. "Mwanaume mzima unachora dume! Watoto wa humo ghorofani wanakunywa nini?" Marehemu akacheka mpaka akakaa chini kwenye maganda ya maharage. Bibi alichukua dirisha la ghorofa, akalishika mbali na macho, akasema limenyooka, siyo kama ndoa zake. Picha akaifunga kwenye khanga, na alipomkabidhi hakuwa na utani tena. "Mimi sina nyingine," akasema. "Wajukuu hawaamini kwamba nilikuwa hivyo." Kila nyumba ilikuwa na neno kama hilo, na kila neno lilimwelemea. Alilala na mfuko wa picha kifuani, na mvua ilipotukuta njiani aliuvalisha koti lake mwenyewe.

Ya mwisho tuliipata Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi. Mama mmoja Mrundi alikuwa amekimbilia upande wetu akiwa mtoto, wakati wa vita vya kwanza vya kwao, na baba yake akampeleka studio ya Kibondo wakapigwa picha pamoja. Walirudi kwao, baba akafa, na alipokimbia mara ya pili, sasa akiwa na watoto wake, picha ile ilisafiri ndani ya kopo la unga wa maziwa. Hakuwa na msumari, lakini marehemu hakutaka kumnyima kipande. Ukiacha ndege, ambayo kila nyumba iliikataa, kilichobaki kilikuwa cha pindo la chini tu, lile lililokuwa likilala sakafuni, ambalo halikuwahi kupakwa rangi upya na lilikuwa limechakaa kwa viatu vya waliosimama kupigwa picha. Alimpa kwa aibu. Mama yule alikikunja bila kukitazama, macho yake yakiwa kwenye picha inayoondoka.

Maonyesho yalipofika, mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, Mwislamu mwenye asili ya pwani, alitupa ukuta wa ghala lake, jirani na ukumbi. Watu walijaa hapo. Walisogeza nyuso karibu, wakaitana: huyu siyo shangazi? Huyu ndiye aliyeninunulia daftari, mwone alivyokuwa mwembamba. Mwalimu alikuja pia, akasimama kwa muda mrefu, kisha akasema alichokiamini. "Wanatazama watu. Kazi hawaitazami." Marehemu akamjibu kwa upole, "Niliichora ili watu watazamwe, mwalimu. Wakilitazama pazia kwanza, nimekosea." Mwalimu alitikisa kichwa, sidhani alikubali, na sitamsingizia. Ila kabla ya kuondoka aliuliza kama naye angeweza kupigwa picha mbele ya pazia. "Limeisha," marehemu akamwambia. "Ungekuja wakati wa pilau." Wakacheka wote wawili, wameshikana mikono.

Kurudisha kulichukua muda mrefu kuliko kuazima, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilimwambia picha nyingine tuzitume kwa bodaboda. Alikataa, akataka kila moja aitundike yeye kwenye msumari ilikotoka. Alipoomba kipande chake, hakuna nyumba iliyokitoa. Walikuwa wameshakizoea, wakagonga msumari wa pili. Bibi wa Busunzu alisema dirisha lake linaingiza hewa. Hivyo pazia halikushonwa tena. Ndege peke yake haikupata wa kuitaka, kwa hiyo mabawa yake yako dukani kwangu, juu ya mashine ya mabango, na mteja akiuliza huwa namwambia akae vizuri, hadithi ni ndefu.

Ilipobaki ile picha ya Nduta, tulisikia yule mama ameandikishwa na familia zinazorudi Burundi, na kwamba msafara unaondoka asubuhi ile ile. Marehemu hakuweza kuvaa viatu. Alipanda pikipiki na kandambili, mfuko kifuani, akinihimiza mimi ambaye siendeshi polepole hata siku za kawaida. Tulikuta magari yamejaa mizigo, kuku na watoto. Mama yule alikuwa amekaa juu ya furushi lake chini, na kijana wa kupanga abiria amesimama mbele yake.

"Mama, panda, tunachelewa."

"Nitapanda. Baba yangu ako Kasulu, leo anarudi."

"Mama, hapa umeandikwa wewe na watoto tu."

"Ako Kasulu," akarudia, na hakuinuka.

Marehemu alimfikia akichechemea, akampa picha kwa mikono miwili. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akaipitishia kidole usoni mwa baba yake. Kisha akatoa kwenye nguo kile kipande cha pindo, amrudishie. Marehemu akamfumba vidole juu yake. "Kaa nacho. Hapo ndipo mliposimama." "Murakoze, mzee," akashukuru kwa Kirundi, akapanda gari.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu sanaa, na stashahada yangu iko ukutani kwa anayetaka kuiona. Lakini mtu akiniuliza leo kazi ipi ni nzuri na ipi ni ya kweli, sitamuuliza iliingia kwa mlango gani. Nitamuuliza kama kuna mtu aliyekaa juu ya furushi lake, amegoma kuondoka mpaka irudi. Zile za ukumbini, zenye fremu, hakuna aliyekwenda kuzidai. Nasikia ziko stoo mpaka sasa.

Magari yaliondoka na vumbi likatulia. Marehemu aliugeuza mfuko wake ndani nje, akaukung'uta, akaukunja vizuri, akauweka mfukoni. "Twende nyumbani, bwana stashahada," akaniambia. "Sina deni la mtu."