Asali kwenye Miguu ya Buibui

Motria Pavlivna alichukia buibui tangu utotoni, na riziki yake ikawa kuwakamua damu. Waliomwambia atazoea walimdanganya, tena kwa uso mkavu. Buibui wa nyika za Mykolaiv ni mnene, mwenye manyoya mpaka kwenye viungo, na ukimbana kwa sifongo hutapatapa mpaka mwili unakusisimka. Motria alimtoboa kwenye kiungo cha mguu, akavuta tone kwa mrija wa kioo. Hata damu yenyewe haikuwa na adabu ya kuwa nyekundu. Ilikuwa samawati iliyopauka. Mchana supu yake ya borshi ilimshinda kumeza.

Nyumbani nako mama mkwe wake, Yavdokha, hakumhurumia.

"Unanuka buibui."

"Nanuka sabuni, mama."

"Basi hiyo sabuni imepikwa kwa buibui!"

Daktari Zinoviy Ostapovych, mkuu wake wa maabara, alikuwa akitafuta protini moja katika damu ile, inayong'ang'ania sukari zilizo juu ya chembe nyekundu za damu. Kama ipo, tone la buibui likichanganywa na damu ya sungura, chembe hizo hushikana mabonge. Lakini tangu theluji iyeyuke hazikushikana hata mara moja.

"Imetushinda," alisema daktari Ijumaa. "Jumatatu natangaza kwamba buibui hana kitu, tunafunga. Wewe utahamia kwa sungura."

"Kwa sungura? Usinitanie, Zinoviy Ostapovych."

"Sikutanii. Majani makavu na karoti, basi."

Motria nusura amkumbatie. Alirudi nyumbani akiimba, akaenda bandani kutupa vifaa vyake vya kutegea. Kule kwao kila mtoto anajua kumtoa buibui shimoni: unakanda donge la nta mbichi kutoka mzingani, unalifunga uzi, unalishusha. Buibui hulivamia kwa hasira, meno na miguu vikanata, ukamvuta juu. Nta aliyotumia Motria ilitoka kwenye mizinga ya Yavdokha.

Donge lilikuwa limejaa sisimizi.

Sisimizi na nta wapi na wapi? Motria alilipangusa, akalitazama, kisha akafanya jambo ambalo hakujisamehe: akaligusa kwa ncha ya ulimi. Tamu. Donge lililong'atwa na buibui wote wa nyika ile! Alitema, akasugua ulimi kwa sabuni mpaka machozi yakamtoka.

Huku akitema alielewa. Nta ilikuwa bado na asali. Buibui walifika maabara wamepakwa asali miguuni, na miguuni ndiko alikotoboa. Kama protini ilikuwemo, ilishika sukari ya asali, ikaziacha chembe za sungura.

Angenyamaza, nani angejua? Siku mbili alinyamaza kweli, akiwaza sungura na pua zao laini. Lakini uongo ule ulimchefua kuliko mguu wowote wenye manyoya, na Jumatatu akaingia kwa daktari bila hata kuvua koti lake.

"Usitangaze. Nimekuharibia kazi mimi. Nta ilikuwa na asali."

Daktari alimkodolea macho. "Asali?"

"Asali. Nilionja."

"Ulionja nini?!"

"Usiniulize mara ya pili, nakuomba."

Safari hii aliichemsha nta, akaichuja, akarudi nyikani kuwavuta buibui wapya mmoja mmoja, uso ameugeuzia pembeni. Akawaosha miguu kwa pamba, kazi ya kuchukiza kuliko zote, akawatoboa. Daktari alichanganya, akasubiri, akainamia kisahani. Damu ya sungura ilikuwa imeshikana mabonge.

"Ipo! Motria Pavlivna, ipo!" Aliushika mkono wake, akaubusu. "Sasa tuitoe, tuipime, tuijue yote. Mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata, mimi na wewe na buibui! Sungura tutamtafutia mtu mwingine yeyote."

"Hongera, Zinoviy Ostapovych," alisema Motria, na alifurahi kwa ajili yake, hilo ni kweli. Kisha akatoka nje, akatapika.