Kimya cha Kampuni

Hivi mwanao akikosa nafasi, wewe huanza kumlaumu nani? Juzi chuo kimoja jirani na eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kiliwaalika wazazi kwenye ofisi yake ya ushauri wa ajira, nami nilikuwepo kuongea na wanafunzi. Aliingia binti wa mwaka wa mwisho na mama yake, muuza vitenge wa Kariakoo. Binti alikuwa hajapata pa kufanyia field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, na bila field hahitimu.

"Kampuni niliyoomba iko kimya, madam," binti alimwambia mshauri.

"Mnawasaidia watoto wa wakubwa tu," mama akadakia.

Mshauri hakubishana. Aliipigia kampuni yenyewe, akaweka spika.

"Huyo tulimpigia," sauti ikajibu. "Tukaambiwa haji, ana kazi nyingine."

"Mimi sijapigiwa na mtu," binti akasema.

"Uliwapa namba gani?" mshauri akamuuliza.

"Ya mama. Mimi kila siku nabadilisha laini."

Mama alianza kukunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena. Sisi tuliosoma tuna maneno mengi juu ya ukosefu wa ajira, lakini mle ndani kila mtu alitafuta pa kutazama. Mshauri alimsogezea mama maji ya kunywa.

"Nilipokea mimi," mama akasema, macho chini. "Tangu baba yako afariki duka tunafungua wawili. Nikawaza, ukienda huko hutarudi dukani. Nikawaambia umeshapata kazi."